Eldoret Ilipokaribia Kuwa Nchi ya Mayahudi

Itajwapo Eldoret, mtu wa Pwani hukumbuka baridi, mahindi, maziwa na wakimbiaji hodari kama Kipchoge Keino. Ni wachache wajuao kwamba nyanda hizo za Uasin Gishu, kabla mji wenyewe haujazaliwa, ziliwahi kuahidiwa Mayahudi na serikali ya Kiingereza ziwe makao yao. Laiti jambo hilo lingetimia, pengine habari za Palestina tuzisikiazo leo zingekuwa nyingine kabisa.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Mwezi wa Desemba 1902, Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alishuka Mombasa akapanda gari moshi kwenda bara. Alipendezwa na hewa ya nyanda za juu, akaona zinawafaa watu wa Ulaya. Wakati huo Mayahudi wa Urusi walikuwa wakiteswa vibaya, na mnamo Aprili 1903 wengi waliuawa katika mji wa Kishinev. Mwezi huo huo Chamberlain akamshauri Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, apeleke watu wake Afrika ya Mashariki. Barua rasmi ya serikali ilitoka tarehe 14 Agosti 1903, na eneo lililokusudiwa lilikuwa kiasi cha maili za mraba 5,000.

Ajabu ni kwamba vitabu vingi huuita mpango huu "Mpango wa Uganda", ilhali nchi yenyewe iko Kenya. Sababu ni kuwa sehemu hizo zilihesabiwa katika Uganda hadi mwaka 1902, ndipo mpaka ukasogezwa.

Wazayuni walipokutana Basel, Uswisi, mwezi wa Agosti 1903, waligawanyika vikali. Wajumbe 295 waliunga mkono kupeleka tume ikaitazame nchi, na 178 wakapinga. Walowezi wa Kizungu huku kwetu nao walipiga kelele, Lord Delamere akiwa mbele, kwani ardhi hiyo waliitaka wenyewe.

Tume ya watu watatu ilifika Mombasa mwezi wa Januari 1905: Meja Gibbons, Mwingereza, Kaiser, Mswisi, na Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Walipanda nyanda hizo, wakazizunguka, wakarudi na ripoti zisizolingana. Wilbusch ndiye aliyezikataa kabisa. Herzl alikwisha kufa mwaka 1904. Katika mkutano wa mwaka 1905, Wazayuni waliukataa mpango huo, wakashikilia Palestina na pande zinazopakana nayo tu.

Sasa, msomaji, tuulize: je, wenyeji waliulizwa? Jina la Uasin Gishu ni la Wamasai waliowahi kuishi huko hadi vita vya karne ya 19 vikawatawanya, kisha Wanandi wakalisha ng'ombe wao. Hakuna aliyetaka shauri lao. Tarehe 19 Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya mpango kukataliwa, kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa alipokwenda kuonana na Waingereza kwa mazungumzo ya amani. Aliyemwua ni Richard Meinertzhagen, ambaye baadaye alikuwa afisa wa siasa wa Kiingereza huko Palestina, akawa mtetezi mkubwa wa Wazayuni.

Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika ya Kusini walishukia Mombasa, wakaenda kwa gari moshi hadi Nakuru, kisha wakapanda na magari ya ng'ombe mpaka Uasin Gishu. Mji ukaota katika shamba nambari 64, ndiyo maana wazee waliuita "Sisibo". Mwaka 2024 ulifanywa jiji.

Na Arthur Balfour, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati Uasin Gishu ilipoahidiwa, ndiye yule yule aliyetia sahihi ahadi ya mwaka 1917 juu ya Palestina. Huko nako wenyeji hawakuulizwa, na mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makao yao. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Lakini Mnandi na Mpalestina hawakupisha kwa hiari, na wote wawili nchi yao iligawiwa mezani na watu wasiokuwa na haki nayo.