Tujue Kijidudu Kwanza, Ndipo Tuchague Dawa



Chama cha ushirika hakilimi. Wanaolima ni wanachama. Mkulima wa Mlali akilazwa na ugonjwa wakati wa kupandikiza miche ya nyanya, shamba lake huingia magugu, mavuno hupungua, na mkopo wa pembejeo hubaki vitabuni bila kulipwa. Hivyo basi, afya ya mwanachama ni sehemu ya hesabu za chama. Makala haya yanaeleza jinsi maradhi ya bakteria yanavyotambuliwa, na jinsi dawa za asili na dawa za hospitali zinavyoweza kusaidiana.

Homa si ugonjwa mmoja

Wengi wetu tukiona joto la mwili limepanda husema, "Ni malaria." Wengine hunywa mwarobaini, na wengine hununua vidonge dukani. Lakini homa ni dalili tu. Inaweza kuletwa na vimelea vya malaria, na virusi kama vile vya mafua, au na bakteria kama wale wa homa ya matumbo, nimonia na kifua kikuu.

Mwaka 2008 wataalamu waliwapima watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara, mji wa mkoa wetu huu wa Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Karibu watoto saba katika kila kumi walikuwa na maradhi ya virusi, wawili hivi walikuwa na maradhi ya bakteria, na mmoja tu alikuwa na malaria. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu viuavijasumu, yaani dawa kama penisilini, hutibu maradhi ya bakteria. Haviui virusi, wala haviponyi mafua.

Kipimo ni stakabadhi ya ugonjwa

Mkaguzi hapokei hesabu kwa maneno matupu, hudai stakabadhi. Kadhalika, mganga mwangalifu hudai kipimo. Bakteria ni mdogo mno, haonekani kwa macho. Katika maabara, mtaalamu huchukua makohozi, mkojo, damu au usaha, huupaka rangi maalumu, kisha hutazama kwa hadubini. Njia ya rangi iliyobuniwa na Gram mwaka 1884 hutumika mpaka leo kuwagawa bakteria katika makundi mawili makubwa. Pengine bakteria huoteshwa katika chombo, kisha hujaribiwa ni dawa ipi inayowaua.

Hapa Morogoro tunayo njia nyingine ya ajabu. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi. Tangu mwaka 2007 panya hao wamekuwa wakikagua upya sampuli kutoka vituo vya tiba. Panya mmoja aweza kukagua sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi. Sampuli anayoitilia shaka hurudishwa maabara kuthibitishwa. Kwa njia hiyo wamegunduliwa wagonjwa wa kifua kikuu ambao hadubini iliwapita.

Funzo kutoka China

Tangu miaka ya 1950, serikali ya China imewahimiza waganga wa jadi na madaktari wa hospitali kufanya kazi pamoja. Mfano maarufu ni wa mmea uitwao qinghao. Kitabu cha Ge Hong, cha karne ya nne, kiliutaja kuwa ni dawa ya homa. Mwanasayansi Tu Youyou alifuata dokezo la kitabu hicho, na kufikia mwaka 1972 yeye na wenzake walikuwa wamepata kiini chake, artemisinini. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto ya malaria iliyoanza kutumika nchini mwaka 2006 ina kiungo kilichotokana na mmea huo, kikichanganywa na dawa iliyotengenezwa maabara.

Malaria si bakteria, lakini funzo ni lile lile. Wachina hawakumwaga chungu kimoja ndani ya kingine wakauita mchanganyiko huo dawa. Walipima mmea, wakajua kiini chake na kipimo cha kumpa mgonjwa. Nasi tumeanza njia hiyo: kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 2002 ilitungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala.

Kuunganisha tiba, basi, si kumeza vidonge asubuhi na mitishamba jioni kwa siri. Baadhi ya mitishamba huudhuru ini, na dawa za kifua kikuu nazo huweza kulilemea ini hilo hilo. Mgonjwa anayemficha daktari dawa za asili anazotumia hujihatarisha mwenyewe. Kadhalika, mganga wa jadi anayempeleka mwenye kikohozi kupimwa hapotezi heshima yake, huiongeza.

Wajibu wa chama

Yafaa kila katibu awakumbushe wanachama mkutanoni mambo haya:

1. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, anayekonda au kutoka jasho usiku, apimwe makohozi. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo.

2. Mwenye homa apimwe kabla ya kunywa dawa. Asipoonekana na malaria, asijichagulie viuavijasumu dukani.

3. Dozi imalizwe hata kama nafuu imepatikana. Ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi sita. Anayeiacha njiani hulea bakteria sugu, na huweza kuwaambukiza jamaa zake.

4. Vidonge vilivyobaki visigawiwe jirani.

5. Mgonjwa amweleze mganga wake, wa jadi au wa hospitali, kila dawa anayotumia.

6. Mwanachama aliye katika dozi ya miezi sita asitengwe. Jirani zake wa chama wamsaidie palizi na mavuno, ili asilazimike kuacha dawa kwa kuhofia shamba.

Hili la mwisho haliwezi kufanywa na hospitali. Ni kazi ya ushirika.