Mrabaha Walipwa kwa Ajili ya Nini?

Neno mrabaha limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya faida. Huku kwetu latumika kwa malipo ya mwandishi wa kitabu, kwa fungu la Serikali katika madini, na kwa malipo atoayo mtu atumiaye uvumbuzi wa mwingine. Upana huu una hatari yake. Mkataba usemao tu kwamba mrabaha utalipwa hausemi walipwa kwa ajili ya nini, wala utakoma lini. Na hilo ndilo swali linalowafikisha watu mahakamani.

Yafaa kwanza tupambanue vitu viwili ambavyo mara nyingi hufungwa katika mkataba mmoja. Hataza ni haki itolewayo na Serikali kwa muda maalumu. Mvumbuzi huufunua uvumbuzi wake hadharani, naye hulindwa. Siku hizi, katika nchi nyingi, kwa miaka 20 tangu kuomba. Muda ukiisha, uvumbuzi huwa mali ya watu wote. Lakini ujuzi wa siri, kama vile namna ya kuchanganya dawa, haukuwekewa mwisho na sheria; huishi maadamu haujatangaa.

Mahakama za Marekani zatupa mifano bora. Mwaka 1881 Jordan Lambert alipewa na J. J. Lawrence siri ya kutengeneza dawa ya Listerine, akaahidi kulipa kwa kila grosi itakayouzwa. Baadaye siri ikajulikana, na kampuni iliyorithi mkataba ikadai kwamba haidaiwi tena. Mwaka 1959 mahakama ya New York ilikataa, kwa sababu mkataba ulifungamanisha malipo na kuuzwa kwa dawa, si na kudumu kwa siri.

Tuliweke shauri hilo kando ya lile la Brulotte na Thys. Wakulima wa hopsi, maua yatiwayo katika bia, huko jimbo la Washington walinunua mashine za kuvunia, na kwa leseni ya kuzitumia wakatozwa malipo kila msimu. Hataza zilizotumika katika mashine zao zilikwisha zote kufikia mwaka 1957, lakini malipo yaliendelea kudaiwa kwa kiwango kile kile. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madai ya baada ya hataza kwisha ni batili: kiwango kisichobadilika kilionyesha kwamba kilichotozwa ni hataza ile ile iliyokwisha kufa.

Je, mkataba wenye vitu vyote viwili usomwe vipi? Katika shauri la Aronson, mwaka 1979, mvumbuzi wa kishikio cha funguo aliahidiwa asilimia 5. Na kama ombi la hataza lisingekubaliwa katika miaka mitano, asilimia 2.5 maadamu bidhaa yaendelea kuuzwa. Hataza haikupatikana, na mahakama iliamuru asilimia 2.5 ilipwe. Katika shauri la Kimble na Marvel, mwaka 2015, mkataba haukuweka mwisho wa malipo. Mahakama ilishikilia kanuni ya 1964, na mrabaha ukakoma pamoja na hataza. Hata hivyo ilieleza kwamba pande mbili zaweza kupatana asilimia 5 kwa hataza na siri pamoja, kisha asilimia 4 kwa siri peke yake.

Kanuni hizo ni za Marekani, na nchi nyingine zina zao. Lakini funzo kwa mfasiri wa mikataba ni moja. "Maadamu hataza ingali hai" na "maadamu bidhaa yaendelea kuuzwa" si kauli moja. Baina yake yaweza kuwamo malipo ya miaka mingi. Mfasiri aandikaye "kwa muda wote wa mkataba" mahali pa mojawapo ya hizo amekwisha kuamua shauri kabla ya hakimu. Basi na apambanue, kwa kila malipo, jina la kitu kinacholipiwa, kiwango chake, na siku ya kukoma kwake.