Ripoti zinazofanya hesabu zenyewe: njia ya kufichua makosa ya takwimu

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, nchini Marekani, walitangaza katika jarida la Nature Medicine kwamba wamepata njia ya kubashiri, kwa kuchunguza jeni za uvimbe, dawa ya saratani itakayomfaa kila mgonjwa. Mwaka uliofuata, majaribio kwa wagonjwa yalianza.

Wanatakwimu wawili wa kituo cha saratani cha MD Anderson mjini Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kurudia hesabu hizo, lakini hawakupata majibu yale yale. Kwa kuwa hatua zote hazikuwa zimeelezwa, iliwabidi wazifuatilie kinyumenyume kutoka kwenye matokeo. Mwaka 2009 walichapisha waliyoyagundua: baadhi ya orodha za jeni zilikuwa zimesogea mstari mmoja, na mahali pengine seli zinazostahimili dawa zilihesabiwa kuwa zile zinazouawa nayo. Kosa la namna hiyo laweza kumfanya mgonjwa apewe dawa isiyomsaidia. Majaribio hayo yalifungwa mwaka 2010, na makala ya awali ikafutwa mwaka 2011.

Wanatakwimu hao waliandika ripoti zao kwa kutumia programu iitwayo Sweave. Programu hiyo ilibuniwa na Friedrich Leisch huko Vienna, Austria, na kutangazwa mwaka 2002. Ilijengwa juu ya wazo la Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, ambaye mwaka 1984 alipendekeza kwamba maagizo ya kompyuta yaandikwe pamoja na maelezo yanayosomeka na binadamu.

Kwa kawaida, mtafiti hufanya hesabu katika programu moja, kisha hunakili tarakimu na kuzibandika katika hati nyingine. Data zikisahihishwa, hana budi kunakili upya, na ni rahisi kusahau tarakimu moja.

Sweave huondoa kazi hiyo. Mwandishi huandaa faili moja la maandishi ya kawaida, lenye aya za maelezo na vipande vya maagizo ya lugha ya takwimu ya R, kila kipande kikitengwa kwa alama maalumu. Badala ya kuandika wastani wa umri wa wagonjwa, huandika agizo la kuukokotoa. Faili linapoendeshwa, kompyuta hutekeleza kila agizo na kuweka mahali pake tarakimu, jedwali au mchoro. Data zikibadilika, faili huendeshwa tena na ripoti nzima hubadilika.

Mwaka 2012, Yihui Xie alitoa knitr, programu iliyorahisisha kazi hiyo zaidi. Zote hizi, pamoja na R yenyewe, hutolewa bure, hivyo mwanafunzi asiye na fedha za leseni aweza kuzitumia.

Hata hivyo, njia hii haimzuii mtu kukosea. Agizo lenye kosa hutoa jibu lenye kosa, na data zikifichwa, hakuna awezaye kurudia hesabu. Faida yake ni kwamba kila hatua imeandikwa, na mchunguzi aweza kuona mara moja mahali mstari uliposogea. Katika mkasa wa Duke, kazi hiyo ilihitaji miaka, huku wagonjwa wakiendelea kusajiliwa.