Cheni ya pikipiki na mchanga wa Tabora: usikaze halafu ukaondoka

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, niongelee kitu kinachonilisha: cheni ya pikipiki. Mi naendesha boda hapa Tabora mjini, na pikipiki yangu ni ya mkataba, yaani jioni tajiri anataka hesabu yake hata kama mashine imelala kutwa nzima. Cheni ikikatika porini ni njaa nyumbani.

Juzi nilipata mgeni anataka kwenda Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Asubuhi hiyo nilikuwa nimelegeza cheni kidogo maana niliona imekaza mno. Tunafika njia panda, lori linapita mbele yetu, nakanyaga breki ya nyuma... hamna kitu! Pedeli inazama mpaka chini. Breki ya mbele ndiyo iliyotuokoa, tukasimama upande kwenye mchanga. Mgeni akaniuliza taratibu, "Kijana, hii pikipiki yako ni nzima kweli?" Aibu niliyoipata nyie acheni tu.

Kosa lilikuwa langu. Pikipiki zetu nyingi za cc 125 na 150 zina breki ya ngoma nyuma, inayovutwa na fimbo ya chuma kutoka kwenye pedeli. Ukirekebisha cheni unasogeza gurudumu, na breki inasogea nalo. Ukilisogeza mbele ili cheni ilegee, breki nayo inalegea. Ukilirudisha nyuma ili cheni ikaze, fimbo inavutika, breki inabana, ngoma inachemka na mafuta yanaisha bila sababu. Kwa hiyo ukigusa cheni, nati ya breki nayo lazima uiguse. Halafu zungusha gurudumu kwa mkono, ukanyage, usikilize, ndipo uondoke.

Sasa kwa nini cheni ilikuwa imekaza mno? Kwa sababu niliikaza mwenyewe, pikipiki ikiwa tupu. Wengi tunapenda cheni ilie kama uzi wa zeze, tunaona ndiyo ufundi. Lakini ukipakia, shokapu zinashuka, na zikishuka cheni inazidi kukaza. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipita njia hii ya Bagamoyo hadi Ujiji, kila mtu na mzigo wa kilo kama 30 begani. Siku hizi abiria mmoja na dumu lake la asali anazidisha mara tatu, na anayevuta yote ni cheni. Isipopata nafasi ya kucheza inavuta shafti ya gia, beringi inakufa, sili inaanza kuvujisha oili. Hapo gharama si ya cheni tena, ni ya kufungua injini.

Pikipiki ikiwa tupu, cheni ya chini pale katikati icheze kati ya milimita 20 na 30. Pima sehemu kadhaa huku ukizungusha gurudumu, maana cheni iliyochoka haifanani pote, na ufuate pale ilipokaza zaidi. Kisha waite wenzako wawili wakalie, uone kama bado inacheza. Alama za kushoto na kulia kwenye mkono wa nyuma ziwe sawa, la sivyo gurudumu linakwenda upande.

Kingine ni oili chafu. Kumwagia cheni oili iliyotoka kwenye injini ni tabia yetu sote, na kwenye mchanga wa huku ni kama kuipaka msasa. Mimi nasafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya zamani, nakausha, napaka oili ya gia kidogo upande wa ndani, nafuta ya ziada. Petroli hapana. Na injini iwe IMEZIMWA! Kidole kikiingia kati ya cheni na sproketi hakitoki kizima.

Kujua kama cheni imekwisha, chukua rula. Kwa cheni namba 428, ambayo pikipiki nyingi za huku zinatumia, pini 21 zikivutwa vizuri zinachukua milimita 254 ikiwa mpya. Ikifika 259, toa, na utoe na sproketi zote mbili. Ukifunga cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka italiwa upesi. Kilipu ya kiungo, upande uliofungwa utazame cheni inakokwenda, usije ukaiacha njiani.

Fundi wangu ananicheka natembea na rula mfukoni kama mwanafunzi. Acheke tu. Nyie mnaoingia vijijini huko Sikonge na Urambo, mnapaka nini kwenye cheni? Andikeni hapo chini.