Kuvutia, Kuhusisha, Kushirikisha: Istilahi za Viwambo vya Umma Mijini

1. Utangulizi

Miezi michache iliyopita nililetewa mezani tafsiri ya waraka mmoja ili niikague. Waraka ulieleza mpango wa halmashauri moja ya mji wa kusimamisha mabango ya umeme vituoni, sokoni na mbele ya ofisi za kata. Mfasiri alikuwa hodari, na sarufi yake haikuwa na dosari. Lakini kitenzi kimoja cha Kiingereza, kilichorudiwa karibu katika kila ukurasa, alikifasiri kwa maneno matatu: mara mabango "yatawavutia" wakazi, mara "yatawahusisha", na mara "yatawashirikisha". Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba hakupenda kurudia neno moja.

Kwa mtunzi wa hadithi hilo laweza kuwa jambo la kusifiwa. Kwa waraka wa serikali ni hatari. Mkazi aambiwaye kwamba atashirikishwa ana haki ya kuuliza ni lini na kwa njia gani. Mkazi aambiwaye kwamba atavutiwa hana la kuuliza. Tofauti ya vitenzi hivyo basi si ya ladha. Ni tofauti ya ahadi.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana zilizomo katika mipango ya namna hii, kutazama miji minne ya ng'ambo ambako mitambo hiyo imekwisha tumiwa, na kupendekeza istilahi ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuzitumia bila kutatanisha wasomaji wao.

2. Mtambo na viungo vyake

Istilahi nzuri hutanguliwa na ufahamu wa kitu chenyewe. Mtambo tunaouzungumzia una viungo vinne. Cha kwanza ni chombo kidogo kinachopima hali ya mahali: joto, kelele, wingi wa magari, au kupita kwa watu. Cha pili ni mtandao unaosafirisha vipimo hivyo. Cha tatu ni kompyuta inayovikusanya na kuvichambua. Cha nne ni kioo kikubwa chenye mwanga, ambacho humwonyesha mpita njia matokeo, matangazo au swali.

Chombo cha kwanza huitwa kihisi na baadhi ya waandishi, na kitambuzi na wengine. Ingefaa maneno haya yasichukuliwe kuwa ni pacha. Kuhisi ni kupata habari kwamba kuna mtu. Kutambua ni kujua kwamba mtu huyo ni fulani. Chombo kinachohesabu wapita njia kinahisi. Kamera inayolinganisha nyuso zao na picha zilizohifadhiwa inatambua. Mwananchi anastahili kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichofungwa juu ya kichwa chake, na Kiswahili tayari kina maneno ya kumwambia.

Vivyo hivyo, data si takwimu. Data ni habari ghafi kama zilivyokusanywa. Takwimu ni hesabu zilizopatikana baada ya habari hizo kuchambuliwa. Neno data limetoholewa na limekwisha zoeleka, hivyo hakuna faida ya kulifukuza.

3. Jiji la namna gani?

Kiingereza kina neno moja ambalo husemwa juu ya mtu mwepesi wa kufahamu, juu ya mtu aliyevaa nadhifu, na siku hizi juu ya simu, nyumba na miji. Wafasiri wetu wamelipa sura tatu: janja, erevu na mahiri.

Janja limekwisha shika mizizi katika simu janja, na hatuna sababu ya kuling'oa huko. Lakini ujanja una harufu ya hila. Ofisa akiwatangazia wakazi kwamba wataishi katika jiji janja, yamkini baadhi yao watashika mifuko yao. Erevu lina heshima zaidi, ila upatanisho wake huwashinda wengi: yapasa kusemwa jiji jerevu na majiji merevu, ilhali maandishi mengi yana "jiji erevu". Mahiri halibadiliki kwa ngeli, na maana yake ni ustadi uliopatikana kwa kujifunza na kuzoea. Simu mahiri husikika sana nchini Kenya. Kwa sababu hizo napendekeza jiji mahiri.

Hata hivyo wahenga walisema kwamba mwerevu hajinyoi. Jiji likiwa na akili nyingi kiasi gani, lipo jambo ambalo haliwezi kujifanyia lenyewe, nalo ni kujua watu wake wanataka nini. Hapo ndipo tunaporudi kwenye kitenzi kilicholeta mjadala huu.

4. Kiwambo, bango au ubao?

Kwanza tumalize jina la kioo chenyewe. Kiwambo linatokana na kitenzi wamba, yaani kutandaza na kukaza, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma au kamba katika kitanda. Baadhi ya wasomaji wamelikataa kwa kuwa halisikiki mitaani, wakapendelea skrini. Yote mawili yanafaa. Katika maandishi rasmi nitatumia kiwambo.

Ni vyema tukumbuke kwamba neno lililoundwa halifi kwa ugeni wake. Hufa linapokosa kukutana na kitu chake mikononi mwa watu. Ngamizi na tarakilishi hazikuweza kulishinda neno kompyuta katika vinywa vya Watanzania. Lakini kishikwambi, ambalo lilichekwa na wengi, lilipata nguvu pale vifaa vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu. Kifaa na jina vilifika shuleni pamoja.

Bango na ubao zina kazi tofauti. Bango hutangaza: humwita mtu kwa mbali. Ubao wa matangazo katika ofisi ya kijiji huarifu: mtu huukaribia kusoma mapato na matumizi ya kijiji chake. Kiwambo kimoja chaweza kufanya kazi zote mbili, na ndiyo sababu hatuna budi kuuliza kinafanya ipi kabla ya kukipa kitenzi.

5. Mifano ya miji minne

Mjini New York, kuanzia mwaka 2016, vibanda vya simu za kulipia vilianza kuondolewa na mahali pake pakasimamishwa nguzo za mradi uitwao LinkNYC. Kila nguzo ilikuwa na viwambo viwili vya inchi 55, intaneti ya bure, simu za bure za ndani ya nchi, kitufe chekundu cha kuomba msaada wa dharura, na kishikwambi cha kutafutia habari. Gharama zililipwa kwa matangazo ya biashara. Watu wengi, wakiwamo wasio na makazi, walikaa karibu na nguzo hizo kwa saa nyingi wakitumia vishikwambi; malalamiko yakaja, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo uwezo wa kutembelea tovuti kwa vishikwambi hivyo ukaondolewa. Viwambo vya matangazo vilibaki. Hapa tunajifunza kwamba mkazi alikaribishwa kama mtazamaji na mtumiaji. Alipoanza kuifanya nguzo kuwa baraza yake, alionekana amezidi.

Mjini Berlin, mwezi wa Septemba 2001, chama cha wataalamu wa kompyuta kiitwacho Chaos Computer Club kiliadhimisha miaka yake 20 kwa kuweka taa nyuma ya madirisha 144 ya jengo la Haus des Lehrers, katika uwanja wa Alexanderplatz. Jengo likawa kiwambo. Mpita njia aliweza kupiga simu akacheza mchezo wa mpira wa kompyuta juu ya ukuta huo, na watu waliweza kutuma michoro yao ikaonyeshwa. Mkazi aliweza kubadili kilichoonekana.

Mjini Bristol, Uingereza, katika majira ya joto ya mwaka 2013, mradi wa Hello Lamp Post ulitumia namba ambazo tayari zilikuwa zimeandikwa juu ya nguzo za taa, masanduku ya barua na vitu vingine vya barabarani. Mtu alituma ujumbe mfupi wa simu wenye jina la kitu na namba yake. Kitu "kikaamka", kikamwuliza maswali, na baadaye kikamweleza waliyoyasema wengine waliopita hapo. Hapakuhitajika kiwambo kipya hata kimoja. Simu ya kawaida ilitosha.

Mjini Barcelona, mwaka 2016, halmashauri ya jiji ilifungua mtambo uitwao Decidim ili wakazi watoe mapendekezo ya mpango wa kazi wa jiji, wayajadili na kuyaunga mkono, kisha wafuatilie yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Jina hilo ni la Kikatalani na maana yake ni "tunaamua". Programu yake ni huria, hivyo miji mingine imeweza kuichukua na kuitumia. Walioipa jina hawakuchagua nomino ya chombo; walichagua kitenzi, na mtenda wake ni wakazi wenyewe.

6. Vitenzi vitatu

Mifano hiyo inatupa vipimo vya kutosha. Kitenzi cha Kiingereza kilichomtatiza mfasiri wetu hutumiwa na wenyewe kwa mchumba aliyeposwa, kwa adui anayekabiliwa vitani, kwa mfanyakazi aliyeajiriwa na kwa gia ya gari iliyoingia. Neno pana namna hiyo halina tafsiri moja. Ni wajibu wa mfasiri kuuliza ni jambo gani hasa linalotendeka.

Kuvutia ni kulivuta jicho. Mkazi akitazama au asipotazama, kiwambo kitaendelea vilevile. Matangazo ya New York yako katika daraja hili.

Kuhusisha ni kulifanya jambo limhusu mtu hata naye atie neno lake. Akijibu, kiwambo au mazungumzo hubadilika, ingawa jiji halibadiliki. Berlin na Bristol ziko hapa.

Kushirikisha ni kutoa sehemu. Asili yake ni moja na shirika na ushirika, na wasomaji wetu wanajua kwamba mwanachama wa chama cha ushirika ana hisa na ana kura. Mkazi akishirikishwa, uamuzi wenyewe waweza kubadilika kwa neno lake. Daraja hili ndilo lililokusudiwa na Barcelona.

Wahenga walituachia njia mbili za kupashana habari. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mbiu haisikilizi. Barazani kila aliyeketi ana zamu ya kusema. Mbiu ni chombo cha heshima na kina kazi yake. Kosa ni kupiga mbiu na kuiita baraza.

7. Mapendekezo

(a) Jiji mahiri: jiji linalotumia mitambo iliyounganishwa kimtandao katika kuendesha huduma zake.
(b) Kiwambo cha umma: kioo chenye mwanga kilichowekwa mahali pa wazi ili kuonyesha habari.
(c) Kiwambo shirikishi: kiwambo cha umma kinachopokea majibu ya wakazi na kuyafikisha kwa wenye kuamua. Kisichofanya hivyo kisiitwe shirikishi.
(d) Kihisi: chombo kinachopima hali au kupita kwa watu bila kujua ni nani.
(e) Kitambuzi: chombo kinachomjua mtu mmoja mmoja.
(f) Mkazi: litumike badala ya mtumiaji pale panapozungumzwa haki. Mgeni ni mtumiaji pia. Mkazi ndiye anayebaki na matokeo.

Mfasiri akiwa na shaka na ajiulize: mkazi akinyamaza, ni kitu gani kitakachopungua? Ikiwa hakuna, kitenzi si kushirikisha.

8. Hitimisho

Tulimrudishia mfasiri waraka wake tukamwomba aulize halmashauri mabango yatafanya nini. Jibu lilikuwa wazi: yataonyesha nyakati za mabasi, taarifa za maji na matangazo ya biashara. Njia ya kujibu haikuwamo. Basi vitenzi vyote vitatu vilikuwa vimezidi. Palipohusu mabasi na maji tuliandika "kuwaarifu wakazi", na palipohusu biashara "kutangaza". Ofisa aliyehusika hakufurahi. Alisema kwamba mpango umekuwa mdogo ghafla. Tulimjibu kwamba mpango haukupungua hata kidogo. Ulikuwa na ukubwa huo huo tangu mwanzo, na Kiswahili kimeuonyesha tu. Akitaka neno kubwa zaidi, ni yeye wa kuongeza njia ya mkazi kujibu, na mtu wa kusoma majibu hayo.

Wasomaji wenye maoni tofauti kuhusu istilahi hizi, hasa walimu wanaosikia jinsi vijana wanavyoviita vyombo hivi, wanaombwa kuyaleta ili yajadiliwe kabla istilahi hazijasanifiwa.