Kwa Nini Kaunti Haiuzi Vibali vya Kuwinda?

Baadhi ya wakazi huuliza: kwa nini kaunti isiuze vibali vya kuwinda ili ipate fedha za kuhifadhi wanyamapori, kama inavyofanyika Marekani?

Huko, jimbo la Montana hupiga mnada kibali cha kuwinda kondoo-mwitu wa milimani. Mwaka 2013 kibali kimoja kilinunuliwa kwa dola 480,000, fedha za kuwatunza kondoo hao. Majimbo kadhaa pia huuza tiketi za bahati nasibu, ili asiye tajiri naye apate nafasi.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema uwindaji wa burudani ni kosa. Hakuna kaunti inayoweza kutoa kibali hicho. Anayekuuzia ni tapeli. Kwetu, mapato hutokana na mnyama aliye hai: ada za watalii mbugani, na kodi wanayolipwa wenye ardhi katika hifadhi za jamii.

Mnyama huyo akivamia shamba au mifugo, usilipize kisasi. Piga ripoti katika ofisi ya KWS iliyo karibu na ujaze fomu ya fidia. Madai hukaguliwa na kamati ya kaunti. Mtu akiuawa, sheria imeweka fidia ya shilingi milioni 5.