Kitabu cha sataranji: Ununue dukani au uagize kwa simu?

HUENDA mtoto wako amerudi nyumbani likizoni na wimbo mmoja tu: anataka kitabu cha kumfundisha sataranji, mchezo ambao wengi huuita chesi. Si kitabu cha hesabu wala cha insha, na hakimo katika orodha ya mahitaji iliyotoka shuleni. Ukiwa Nairobi, ombi hilo halikukoseshi usingizi. Lakini ukiwa Kitui, Mwingi, Wote au Kibwezi, ama ukiwa mjini na ni mdogo wako wa huko nyumbani anayekuomba, jambo hilo dogo laweza kukuzungusha wiki nzima.

Usimcheke mtoto. Kisa cha Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe jijini Kampala aliyefunzwa mchezo huu na Robert Katende, kiliandikiwa kitabu mwaka wa 2012 na kutengenezewa filamu mwaka wa 2016, na watu wengi wakang'amua kuwa sataranji si mchezo wa watoto wa matajiri pekee. Tena mtoto ana sababu ya kutaka kitabu chenyewe cha karatasi. Programu za mchezo huu zimejaa kwenye simu, na nyingine, kama Lichess, ni za bure kabisa. Lakini mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kwenda na simu shuleni. Kitabu kinaingia sandukuni pamoja na sabuni na blanketi, na hakihitaji chaja. (Akikisoma wakati wa maandalio ya usiku, hayo ni kati yake na mwalimu wa zamu.)

Basi ingia katika duka la vitabu mjini kwako. Utaona madaftari, kamusi, vitabu vya marudio ya mitihani, Biblia na karatasi za manila. Ukitaja sataranji, mwenye duka atatabasamu na kusema, "Hicho hatuna, mama. Labda Nairobi."

Usimlaumu. Duka la vitabu katika miji yetu midogo limeishi miaka nenda miaka rudi kwa kitabu cha shule. Mnamo 2013 sheria mpya ya VAT iliviingiza vitabu katika ushuru wa asilimia 16. Halafu mwaka wa 2018 serikali ikaanza kuvinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka hadi shuleni, ilhali hapo awali shule zilipewa fedha, na walimu wakuu wakaenda kununua dukani. Kwa hatua hiyo moja, mwenye duka wa Wote au Kitui alipoteza mteja wake mkubwa kuliko wote. Mtu aliyebaki kuuza kalamu na karatasi hawezi kuzifunga fedha zake katika kitabu cha mchezo kitakachokaa rafuni miaka miwili kikingoja mnunuzi mmoja.

Ndipo watu wengi huikimbilia simu. Na kwa kweli, simu imetufungulia mlango. Text Book Centre, iliyoanza mwaka wa 1964 katika barabara ya Kijabe jijini Nairobi, ina duka la mtandaoni. Jumia imekuwa ikiuza bidhaa nchini tangu 2013. Na M-Pesa, iliyozinduliwa 2007, imeondoa kabisa ile kazi ya kumtuma mtu na fedha mkononi. Unatafuta, unalipa, unangoja.

Hata hivyo, bei unayoiona kwenye simu si bei ya kitabu mkononi. Tuseme kitabu kinauzwa Sh1,400 na duka la mjini lingekuuzia kwa Sh1,700. Ongeza Sh300 za kusafirisha na tofauti imekwisha. Na hapo pia inategemea unaishi upande gani. Aliye Emali, Makindu au Kibwezi yuko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, na mabasi hupita kwake mchana na usiku. Aliye Mwingi ana barabara ya Thika kwenda Garissa. Lakini wa Mutomo au Kyuso yamkini atapigiwa simu aambiwe kifurushi chake kiko Kitui mjini au Mwingi, akakichukue mwenyewe. Nauli ya kwenda na kurudi, nayo ni sehemu ya bei ya kitabu.

Kubwa zaidi ni kwamba kitabu cha sataranji kina mitego ambayo kitabu cha hadithi hakina, na mitego hiyo haionekani katika picha ya jalada. Wa kwanza ni namna ya kuandika hatua za kete. Vitabu vingi vya zamani vya Kiingereza viliandika hatua kama P-K4; hatua iyo hiyo siku hizi huandikwa e4 tu. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIDE, liliacha kuutambua mtindo wa zamani mwaka wa 1981. Mtoto anayeanza akiletewa chapa ya zamani atadhani kimeandikwa kwa lugha ya majasusi. Dukani ungekifungua ukurasa mmoja tu na kuona. Mtandaoni sharti umuulize muuzaji, na umwombe akutumie picha ya ukurasa wa ndani.

Picha hiyo itakuonyesha jambo jingine pia. Nakala ghushi, zilizotolewa kwa mashine ya kunakili na kuunganishwa kwa gundi, zimeenea sana. Katika riwaya, neno likififia utalikisia. Katika kitabu cha sataranji, mchoro ukififia hata usiweze kumtofautisha askari na askofu, fumbo zima limeharibika na fedha zako zimeenda.

Hapa niseme neno kuhusu kitabu kinachopendwa na wanaoanza, kile cha Bobby Fischer kilichotoka 1966, Bobby Fischer Teaches Chess. Kimepigwa chapa kwa namna ya ajabu: unakisoma kurasa za upande mmoja hadi mwisho, kisha unakipindua juu chini na kurudi ulikotoka. Kikikufikia hivyo, usimfokee aliyekuuzia wala usikirudishe.

Sheria ya kuwalinda wanunuzi ya mwaka wa 2012 inamtaka anayeuza kwa mtandao akueleze mambo muhimu kabla hujakubali, na akupe nafasi ya kukataa au kurekebisha makosa. Ni sheria nzuri. Lakini itakufaa nini ikiwa unachokijua kumhusu muuzaji ni nambari ya simu tu, na nambari hiyo imezimwa? Nunua kwa kampuni yenye duka na anwani inayojulikana, na kama kuna nafasi ya kulipa baada ya kupokea, ichukue.

Ila kuna njia ya tatu, na ndiyo ningekushauri uijaribu kwanza. Rudi kwa yule mwenye duka aliyekuambia "labda Nairobi". Huko Nairobi yeye mwenyewe huenda kuchukua bidhaa, au huletewa katoni kwa basi. Mpe jina la kitabu, la mwandishi na mwaka wa chapa, mwachie arubuni, na kitabu chako kitasafiri ndani ya katoni ile ile ya madaftari. Huenda akaongeza kitu kidogo juu ya bei. Lakini kikija na kurasa zilizotoka unajua mlango wake uko wapi, naye anajua ni wewe utakayenunua sare na viatu muhula ujao. Chama cha sataranji cha shule kikiagiza nakala sita kwa pamoja, mwenye duka ataona biashara, na huenda ya saba akaiweka rafuni bila kuombwa.

Kuagiza ng'ambo kuwe kwa kitabu kisichopatikana Nairobi kabisa. Jiandae kwa ushuru na kungoja, na uandike anwani sawasawa: 90200 ni Kitui, 90300 ni Makueni, 90400 ni Mwingi.

Wanafunzi wa chuo kikuu pale Kwa Vonza wenye kompyuta wana bahati zaidi. Kitabu cha bingwa Capablanca wa Cuba, Chess Fundamentals cha 1921, kinapatikana bure na kihalali katika mtandao wa Project Gutenberg, maana mwandishi alifariki 1942 na muda wa hakimiliki umekwisha. Kimeandikwa kwa ule mtindo wa zamani, lakini mtu mzima ataumudu kwa jioni moja. Kukichapisha chote kwenye saiba, hata hivyo, kwaweza kukugharimu zaidi ya kitabu kipya.

Kuhusu ubao na kete, huko usihangaike. Zile za mawe laini zinazochongwa Tabaka, Kisii, hupendeza mezani sebuleni, ila zikianguka kwenye saruji zimevunjika. Mtoto mnunulie za plastiki, na askari akipotea, kifuniko cha soda kitashika zamu yake.